Jumanne ya Wanawake kwenye Maji Moto

Mambrui,
Alhamisi, 8 Januari 2026

Ewe Maziwalala wangu,

Shikamoo kaka. Usiudhike na hilo jina. Mtu anafanya kazi kiwanda cha maziwa Mariakani, na akilala anaganda kama maziwa ya juzi, nimwite nani?

Najua utashangaa kuona karatasi. Lakini mimi na wewe kwenye simu hatuwezani. Nasema mimi, unasema wewe, mmoja anakata, mwingine anabaki anaifokea hewa. Karatasi haikatiki. Kaingu amekubali kukuletea, maana gari lake la maziwa huja huku na kurudi, na nimemwambia akikupa asiondoke mpaka umesoma mwisho.

Sasa sikiliza. Nimepata Jumanne!

Unaikumbuka ile Chemchemi Moto, ukitoka hapa Mambrui kuelekea Gongoni? Pale walipochimba kisima cha hoteli wakingoja maji baridi, yakatoka ya moto yananuka kiberiti? Ulipoondoka ilikuwa shimo na matope. Sasa kuna mabwawa matatu, la moto, la vuguvugu na la baridi. Kuna chumba cha mvuke, na kuna sauna, chumba cha mbao chenye mawe ya moto, watu wanakaa humo wanatoka jasho kwa hiari yao. Mimi nilianza kwa kukunja mataulo. Sasa niko ndani ya maji, kaka! Mazoezi ya majini nimejifunza mwenyewe kwa video, nikijitazama kwenye kioo cha kabati la Nyanya. Mzee mmoja wa Kitaliano alikuja na magongo mawili akaondoka na moja. Sisemi maji ni dawa. Nasema mtu akiwa majini uzito unampungukia, na goti linapata nafasi ya kukumbuka kazi yake.

Basi nikamwendea meneja, Cliff.

"Cliff, wanawake wa Mambrui wanauona mvuke wa maji haya kila asubuhi. Mbona hawaingii?"

"Nani amewakataza? Mlango uko wazi."

"Uko wazi kwa wanaume pia. Hapo ndipo penye shida."

Akacheka. Mimi sikucheka, nikabaki nimemsimamia mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akasema, "Nakupa Jumanne tatu, asubuhi. Wageni wangu siku hiyo huwa Tsavo wanatazama ndovu. Ya tatu ikipita na mabwawa matupu, nafunga hiyo habari, na wewe unarudi kwenye mataulo."

Nikasema sawa kabla hajamaliza.

Unajua ni kwa ajili ya nani. Nyanya tangu mwezi wa tisa hajaweka paji lake chini. Magoti yanamsumbua kidogo. Anaswali amekaa ukingoni mwa kitanda, na akimaliza anaupapasa ule mswala wake kama mtu anayembembeleza mtoto. Ramadhani iko mlangoni. Ameniambia, "Mwaka huu nataka rakaa mbili tu za tarawehe, paji chini. Mbili tu, Kiroboto." Bado ananiita Kiroboto. Kaka, nitampa hizo mbili.

Na nguo nishashona. Cliff hataki pamba majini, nyuzi zinaziba chujio, basi nimetafuta nailoni nikashona suruali na kanzu ndefu, mtu anafunikwa mpaka kisigino.

Na nishatangaza! Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha akina mama wa chuo cha Kurani. Nimesema hivi: "Akina mama na akina dada, njooni Jumanne Chemchemi Moto mfukizwe! Hata nyinyi wasichana msioolewa, msiogope, njooni mfukizwe, hakuna mwanamume atakayejua, siri yenu ni siri yetu!" Nimeusikiliza mwenyewe mara nyingi. Mtamu!

Dadako,
Lubna (Cheche)


Mariakani,
Alhamisi, 15 Januari 2026

Lubna,

Marahaba. Kaingu alinisimamia kweli, mpaka nikamfukuza.

Jana mama yake Ruwaida amenipigia simu kutoka Malindi. Harusi yangu na binti yake ni baada ya Idi, nikadhani anataka kuzungumza habari za ukumbi. Hata hakuutaja. Aliniuliza, "Mwanangu, kwenu nani kajifungua?"

Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi dada yako anamfukiza nani?"

Kwani wewe umezaliwa wapi? Hujui kuwa kwetu anayefukizwa ni mzazi aliye ndani ya arobaini yake, au bi harusi anayetayarishwa? Hakuna mwingine. Nyanya amekanda na kufukiza wazazi wa mji mzima, ndani ya vyumba vyao, mlango umefungwa. Leo mjukuu wa mkandaji anachukua simu, anawaita wasichana wasioolewa waje wafukizwe, na anawaahidi siri! Siri ya nini, Lubna?

Watu wameshajibu wenyewe. Wanasema kile chumba cha mbao ni cha kusafisha wasichana walioharibikiwa. Wanasema wa kwanza kufukizwa ni wewe. Nimelisikia hilo neno kwa mtu anayeuza mkaa hapa Mariakani, hata hanijui mimi ni nani.

Baba hayupo. Nimebaki mimi. Wacha kazi hiyo, ukae nyumbani na Nyanya, mpaka harusi ipite. Nyanya ana magoti kama wazee wote.

Kakako,
Seif


Mambrui,
Jumatano, 21 Januari 2026

Kaka Seif,

Shikamoo. La, sijajifungua. Siku nikijifungua utanisikia mpaka Mariakani bila simu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini, kisha nikausikiliza tena ujumbe wangu. Wallahi nilitaka kuila ile simu. Mimi nilikuwa naifikiria sauna, nikatafuta neno ambalo akina mama watalielewa. Wamelielewa! Nimekwenda kwa Nyanya.

"Nyanya, mbona hukunizuia?"

"Uliniuliza? Ulipita hapa kama pikipiki, ukasema umetangaza. Nikadhani umetangaza kuoga."

Nikwambie ya Jumanne ya kwanza. Nimevaa nailoni yangu, nimetandika mataulo, nimekaa ukingoni mwa bwawa toka jua linachomoza. Aliyekuja ni mbuzi wa Mwaringa, yule bawabu. Akanywa maji ya bwawa la baridi, la moto akalikataa, akaondoka.

Baada ya barua yako nikasema nitatengeneza. Nimepita nyumba kwa nyumba. "Si mafusho, ni maji tu. Hakuna aliyejifungua." Kaka, kadiri nilivyokana ndivyo walivyonionea huruma. Wananishika mkono, wananiambia, "Tumekuelewa, mwanangu." Bi Zeina alinikalisha barazani, akaingia ndani, akatoka na bakuli. Uji wa pilipili manga! Uji wa wazazi! "Kunywa, urudishe damu." Nikaunywa, nifanyeje, na ulikuwa mzuri.

Jumanne ya pili, yaani jana, hata mbuzi hakuja. Cliff alipita na kikombe chake, akanionyesha kidole kimoja. Imebaki moja.

Sasa jibu langu. Kazi siachi. Nikikaa ndani leo, watasema ni kweli, na watasema mpaka niingie kaburini. Na Nyanya atabaki ukingoni mwa kitanda. Wewe unasema magoti ni magoti. Kuna jambo hulijui, na mimi nimeapishwa nisikwambie, kwa hivyo sikwambii. Lakini mtu aliyeona nilichokiona hawezi kuacha.

Mwambie mama yake Ruwaida asamehe. Mkosaji ni mimi, wewe humo.

Dadako,
Lubna


Mariakani,
Ijumaa, 23 Januari 2026

Lubna,

Umeapishwa nini, na nani? Usinifiche kisha unitajie kwamba umenificha.

Kwa Kaingu nimemtumia Nyanya kiti cha kuswalia. Nimekitengenezesha hapa kwa fundi, mbao ngumu, kina mikono miwili, kinabeba hata ng'ombe. Dini si uzito. Asiyeweza kusujudu anaswali amekaa na swala yake imetimia. Mwambie hivyo kwa adabu.

Ruwaida hapokei simu yangu tangu Jumapili. Mama yake anapokea, anasema yuko bafuni. Mtu gani anaoga wiki nzima?

Jumanne nimeomba ruhusa. Nakuja na Kaingu kukuchukua. Hapa kiwandani wanatafuta mtu wa kuosha makopo, utakaa kwa mama mwenye nyumba wangu. Nyanya tutamtafutia mtu. Fungasha nguo zako.

Seif


Mambrui,
Jumapili, 25 Januari 2026

Kwa mjukuu wangu Seif,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, ila magoti, nayo si mageni.

Kiti kimefika. Kaingu alikitua sebuleni nami nikakizunguka kama azungukaye ng'ombe mnadani. Ni kizuri. Miguu yake imara kuliko yangu. Nakushukuru, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini wewe umenitumia kiti kabla hujaniuliza kama nimechoka.

Lubna nilimwapisha mimi. Sasa kiapo nakivunja mimi. Mwezi wa tisa nilishuka kusujudu swala ya adhuhuri, nikashindwa kuinuka. Magoti yalikataa. Niliita, nani asikie? Nilikaa pale juu ya mswala hadi yule mtoto aliporudi kazini, na jua limeshahama ukutani. Nilikuwa nimejichafua, Seif. Mimi, niliyewaosha wenzangu. Alininyanyua, akanikosha, akanivisha. Kisha alikwenda jikoni kulia, akidhani sisikii. Kesho yake akaanza kumwandama yule meneja. Hiyo ndiyo asili ya Jumanne unayoitukana.

Tangu siku ile naogopa kushuka. Si goti peke yake lililoganda, na moyo pia. Hilo hata Lubna sijamwambia.

Ama maneno ya mji, niachie. Hao wanaosema, matumbo yao yote nimeyafunga kwa mikono hii. Nayajua kuliko waume zao. Walichokataa ni kumfuata msichana. Jumanne hii atakayekwenda kufukizwa ni mimi, tena mchana, tena kwa mguu. Waseme nimejifungua.

Wewe Jumanne usije. Ni siku ya wanawake. Ukija, aibu utakayoipata umejitakia.

Na usimkere mchumba wako kwa simu. Yuko bafuni.

Nyanyako,
Kaltuma


Mariakani,
Alhamisi, 29 Januari 2026

Lubna,

Barua ya Nyanya niliipata Jumanne yenyewe. Kaingu aliiweka chini ya kiti cha gari akaisahau, akaikumbuka tumeshafika Malindi. Nimeisoma njiani. Ningeweza kumwambia ageuze. Sikumwambia. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa, na hasira yangu nilikuwa nimeibeba toka Mariakani, sikutaka kurudi nayo.

Nimefika langoni, Mwaringa akanyoosha fimbo.

"Mwanamume haingii."

"Mimi ni kaka yake Lubna."

"Hata ungekuwa babake. Muone meneja mwenyewe."

Nikamwona. Cliff amekaa nje ya ukuta wake, juu ya ndoo iliyofudikizwa, amepakata kikombe. Akaniambia, "Kaa, ndugu. Wamenifungia tangu asubuhi. Dada yako ameweka komeo kwa ndani."

Sikukaa. Nilisimama kwenye ule ukuta wa makuti nikanusa mrehani na majani ya mkilifi, harufu ya chumba cha Nyanya tulipokuwa watoto na tukifukuzwa tusikaribie. Nikasikia watu wengi, wengi! Vigelegele. Maji yanapigwa. Kisha nikamsikia Nyanya anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afe.

Ningeondoka hapo. Lakini niliita. Unajua nilivyoita. Mwito wa kaka: "Lubna! Fungua, mimi Seif!"

Nikasikia nyayo zenye maji zinakuja. Nikasikia komeo linasogea. Nikajiweka sawa. Kisha likarudi mahali pake.

Na ndani mwanamke mmoja akasema, "Mwambie arudi kwenye maziwa yake!" Wote wakaangua kicheko. Mwaringa alinitazama kama anayemtazama kuku aliyenyeshewa. Kaingu hajanitania hata mara moja njiani, kwa hivyo najua alinionea huruma.

Sijakuandikia kukugombeza. Nguvu hiyo sina. Nataka kujua mambo mawili. Nani huyo aliyesema nirudi kwenye maziwa yangu? Na Nyanya, je, alipiga magoti?

Seif


Mambrui,
Alhamisi, 12 Februari 2026

Ewe Maziwalala wangu,

Shikamoo kaka. Nimechelewa kukujibu makusudi. Nilitaka nikujibu nikiwa na jambo la kukwambia.

Nianze na siku yenyewe. Nyanya aliamka akaniambia, "Nifunge mkaja." Nikadhani sikusikia vizuri. Ule mkaja, kaka, kitambaa anachofungwa mzazi tumboni! Nikamfunga, tena juu ya buibui, watu wauone. Akachukua mto mdogo wa kitandani, akauvisha leso, akaupakata. "Twende."

Nikamwambia nimeita bodaboda. "Mzazi hapandi pikipiki," akasema. Basi tukatembea, mkono mmoja gongo, mkono mmoja mtoto. Kila baraza anasimama.

"Jamani, nimejifungua! Nakwenda kufukizwa! Njooni mtazame mtoto!"

Watu hawakujua wacheke au wakimbie. Bi Zeina ndiye aliyethubutu. "Bi Kaltuma, hongera. Na babake nani?"

"Marehemu mume wangu! Alichelewa njiani!"

Kaka, Bi Zeina alikaa chini pale pale, barabarani, akalia kwa kicheko. Alipoinuka akasema, "Ngoja nichukue leso." Huyo wa kwanza. Akaja na binti zake. Kufika msikiti wa pili nyuma yetu kulikuwa na msafara kama wa harusi, na wasichana wasioolewa ndio waliobeba mto kwa zamu. Nani tena aseme nini? Ukisema fulani kafukizwa, utaulizwa, na yeye kazaa mto?

Kufika langoni, gari kutoka Malindi limeegeshwa. Akashuka mama yake Ruwaida. Akashuka Ruwaida.

Mimi nilikuwa sijui! Nyanya aliwapelekea ujumbe kitambo: bi harusi wa nyumba yangu nitamfukiza mwenyewe, kwa mkono wangu, kama nilivyomfukiza mama yake. Angekataa vipi? Ni heshima, na ndiyo desturi. Lakini akawataka wasikwambie, mpaka yule mama amwone kwa macho yake huyo Lubna wa kwenye maneno. Ndiyo maana mchumba wako alikuwa bafuni wiki nzima. Hawezi kusema uongo, akipokea simu angekwambia yote.

Basi Cliff tukamtoa nje, nikafunga komeo.

Ile sauna Nyanya aliingia akatazama juu, akatazama mawe. "Haya ni mafusho au tanuri ya mkate? Majani yako wapi?" Alikuwa nayo ndani ya leso ya mtoto. Mto ulijaa mrehani na mkilifi! Akahamia chumba cha mvuke, akayafunga penye mvuke, akamkalisha Ruwaida, na mikono yake ikaanza kazi kama haijawahi kustaafu. Mama yake Ruwaida alikuwa amekuja na uso wa kukagua. Baadaye nilimwona amelala juu ya maji chali, macho yamefumba, ananiambia nimsukume polepole.

Kisha zamu ya Nyanya. Bwawa la vuguvugu lina ngazi pana chini ya maji. Nimemvisha nailoni, tumeshuka naye, mimi mbele, Bi Zeina ubavuni. Maji yamemfika kifuani. Nikamwambia, "Nyanya, kunja." Akanitazama. Kaka, nilimwona anaogopa, na mimi sijawahi kumwona akiogopa kitu. "Nikishuka, nani atanipandisha?" Nikamwambia, "Maji. Na mimi. Na hawa wote." Akashika mabega yangu. Akashuka. Akashuka tena. Kisha akasema taratibu, kama anamwambia mtu aliyelala, "Kiroboto, nimepiga magoti."

Vigelegele ulivyovisikia ndivyo hivyo. Kicheko kilifuata, kwa sababu alikataa kuinuka. "Niacheni hapa, mniletee na chakula."

Na hapo ndipo ulipoita.

Nilimwachia Bi Zeina, nikatoka majini nikakimbia. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, hukukosea. Nililisogeza. Kaka yangu ametoka Mariakani, kaka yangu amesimama mbele ya bawabu, ameniita kwa jina. Nikageuka nyuma. Nikawaona wote, vichwa wazi, nywele zinatiririka maji, wasichana wamejikunyata ndani ya bwawa mpaka kidevuni, Ruwaida yuko mlango wa chumba cha mvuke na leso moja tu. Wananitazama. Nilikuwa nimewaahidi hakuna mwanamume. Na katikati yao Nyanya yuko kwenye magoti yake, hanitazami, kama mtu aliyeniachia uamuzi.

Nikalirudisha.

Na aliyesema urudi kwenye maziwa yako ni Ruwaida. Alisema ili wasichana wacheke, wasiogope tena. Na amesema ukimuuliza atakubali ni yeye, na atalisema tena siku ya harusi.

Cliff ameiacha Jumanne iendelee. Hajasema mpaka lini, amesema tu majani tuyatie mfukoni yasizibe mabomba. Mataulo nakunja bado, lakini kwa hiari yangu.

Sasa jambo nililolingoja. Kiti chako Nyanya alikataa kukikalia. Wiki mbili kimekaa sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa. Juzi, Jumanne, akasema tukibebe twende nacho Chemchemi. Baada ya maji, magoti yakiwa bado laini, ilipoadhiniwa adhuhuri, akatandika mswala wake kivulini, akakiweka kiti mbele, kidogo pembeni. Nikadhani amekubali kukikalia. Akanikataza nisimguse.

Wakati wa kusujudu alikishika mikono yote miwili. Akashuka nayo, goti moja, kisha la pili. Akakiachia. Akaweka paji chini.

Alikaa muda mrefu, kaka. Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Mimi nilihesabu pumzi zangu, nikiikumbuka siku ile nilipomkuta. Kisha mkono ukatoka, ukapapasa, ukaupata mguu wa kiti chako. Ukapanda kwenye mkono wake. Akainuka peke yake. Kiti kililia, lakini hakikuyumba.

Rakaa ya pili aliswali amekaa chini, ya tatu na ya nne pia. Hakuweza zaidi. Lakini alipotoa salamu hakuupapasa mswala. Alikipapasa kiti. Akasema, "Huyu Seif ana fundi mzuri." Bado siku chache Ramadhani iingie, na sasa anasema rakaa mbili si nyingi.

Njoo Idi. Lango litakuwa wazi siku hiyo, si Jumanne. Nyanya anataka ukione kiti kinavyofanya kazi.

Ila kuna kitu kimoja kinanikaa kooni, na karatasi haikatiki, basi nitakuuliza. Ule mlio wa komeo likirudi nausikia mpaka leo. Mimi sijutii, na ningelirudisha tena. Lakini nataka kujua kutoka kwako, usinijibu haraka, usinijibu kwa hasira wala kwa huruma. Ungekuwa wewe ndiye uliye ndani, mkono uko kwenye komeo, wale wote wanakutazama, na anayeita nje ni mimi: ungefungua?

Dadako,
Lubna